Hotuba Iliyomtaja Mtu Mmoja

Leo tuisikilize upya hotuba ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu: ile ya Mwalimu Julius Nyerere, Rais wa Tanzania, Dar es Salaam, Novemba 2, 1978, baada ya jeshi la Idi Amin wa Uganda kuvamia Kagera, Tanzania.

Kwanza, alisema na nani? Aliwaita wazee wa Dar es Salaam. Angeweza kukaa studioni peke yake akatangaza vita, lakini alitaka neno hilo lipite mbele ya wenye mvi. Anayepeleka shauri kwa wazee haonekani mtu wa hasira za ghafla. Anaonekana ameonewa na amekuja kutafuta baraka. Huku kwetu West Nile, Uganda, pia jambo zito halianzi bila wazee, ndiyo maana mbinu hiyo inatugusa hata sisi tuliokuwa ng'ambo ya mpaka.

Halafu yale matatu aliyoyasema kuhusu Amin: uwezo wa kumpiga, sababu ya kumpiga, nia ya kumpiga, vyote tunavyo. Wengi husifu mdundo wake, na kweli ni mtamu. Mimi naona ufundi uko kwingine. Sababu ilikuwa wazi, Kagera imekwisha kuvamiwa. Nia ni ya moyoni, nani ataipima? Uwezo ndio uliokuwa na shaka. Askari walikuwa bado wanakusanywa, na Watanzania waliingia Uganda Januari 1979, miezi miwili na zaidi baadaye. Mwalimu hakutaja idadi ya bunduki wala siku ya kuanza. Aliupanga uwezo pamoja na sababu, kwa sauti ile ile, na aliyekubali moja akajikuta amekubali yote.

Lakini kwa mtu wa West Nile, kubwa zaidi ni huyo anayepigwa. Ni mtu mmoja. Maneno ya Mwalimu yalikuwa makali, ila aliyaelekeza kwa Amin. Hakuwageuzia Wakakwa, Walugbara wala Wanubi. Kampala ikaanguka Aprili 11, 1979. Kisha wakaja wengine, askari wa serikali mpya, na hesabu yao: kwa kuwa ukoo wa Amin ni wa Koboko, basi kila mtu wa huku ni Amin. Watu wakakimbilia Zaire na Sudan, maelfu kwa maelfu. Juni 24, 1981, raia waliojificha kwenye misheni ya Ombaci, hapa hapa jirani na Arua, wakauawa na askari wa serikali. Mama na watoto wale walikuwa wamevamia Kagera lini?

Damu ya Ombaci simtwishi Mwalimu. Nasema hotuba yake ilijua kumtenga mkosaji na watu wa kwao, hata katikati ya ghadhabu, na walioshika bunduki baadaye hawakutaka kujua.

Walimu wa Kiswahili wa Arua na Koboko, sauti ya hotuba hiyo ipo. Ichezeni darasani. Watoto wahesabu marudio, ni sawa, lakini waulizeni pia: anayepigwa ni nani, na nani hakutajwa? Kisha waende nyumbani wakawaulize babu na bibi zao walikimbilia wapi, na waliporudi walikuta nini.