Taa ya Nyuma Iliyovunjika: Tuitengeneze Kabla Giza Halijaingia

(Mazungumzo ya fundi wa karakana ya magari ya kaunti katika baraza la madereva na wenye magari)



Mwezi uliopita nilikuwa natoka kazini magharibi. Mbele yangu niliona taa nyeupe, nikadhani ni gari linanijia. Kumbe lilikuwa pikapu linaloelekea niendako, na limesimama. Kioo chekundu cha taa yake kilikuwa kimetoka, balbu imebaki uchi. Nilifunga breki, nikasimama hatua chache tu nyuma yake. Ndani mlikuwa na watoto.

Ndugu zangu, balbu yenyewe ni nyeupe. Kinachosema "hii ni nyuma ya gari" ni ile plastiki nyekundu. Gari likienda kilomita 80 kwa saa, linakula mita 22 kila sekunde. Dereva wa nyuma akibabaika sekunde mbili, amekwisha kupita mita 44.

Wengi wetu tuna magari ya zamani, na taa mpya ni ghali. Lakini kasha lililopasuka mara nyingi linatengenezeka.

Kwanza, zima gari, fungua buti, legeza nati za kasha kwa ndani na uchomoe soketi za balbu. Usivute kwa nguvu. Plastiki ya zamani hukatika masikio.

Pili, osha kasha kwa maji na sabuni ya vyombo. Usitumie petroli wala thina, kwani hula plastiki na kuifanya iwe na ukungu. Liache likauke kabisa.

Tatu, ziba ufa. Toboa tundu dogo sana pale ufa unapoishia ili usiendelee, kisha paka epoksi isiyo na rangi na uiache usiku kucha. Kipande kikipotea, kata kingine kutoka kwa taa kuukuu ya rangi ileile: nyekundu kwa breki, ya machungwa kwa indiketa. Selotepu na rangi ya kucha ni za kukufikisha nyumbani tu. Jua huzipausha, na maji hupita chini ya selotepu.

Nne, angalia mpira unaozunguka kasha. Ukiwa umekauka, weka mpya au pitisha silikoni. Lakini kama kasha lina kitundu cha chini cha kutolea maji, usikizibe.

Tano, soketi ikiwa na kutu ya kijani, isugue kwa msasa laini. Kagua pia waya ulioshikwa kwenye bodi. Ukilegea, taa hufifia au huwaka ovyo. Balbu nyingi za nyuma zina nyuzi mbili, wati 5 za taa ya usiku na wati 21 za breki. Ukiweka ya uzi mmoja, utakosa mojawapo.

Ukimaliza, mwombe mtu asimame nyuma ukikanyaga breki. Kama uko peke yako, rudisha gari karibu na ukuta jioni, utaona mwanga wake kwenye kioo cha ndani.

Kuna taa isiyofaa kutengenezwa. Kama rangi ya fedha ya ndani imebambuka, au plastiki imesagika, tafuta nyingine hata ya mtumba. Nenda na ile ya zamani mkononi, ulinganishe upande na namba zilizochapwa kwenye plastiki. Hakikisha pia sehemu inayorudisha mwanga ni nzima. Hiyo ndiyo itakayokuonyesha gari likizimika barabarani na betri imekufa.

Dereva haoni taa zake za nyuma. Anayeziona ni mwenzake. Basi kesho asubuhi, kabla hujawasha gari, zunguka nyuma ukaangalie.