Kuran inaporudi

Maneno ya mwanachama mmoja, fundi wa umeme, mbele ya mkutano wa chama, Sakania



Katibu ameniomba niseme juu ya friza, kwa sababu sanduku la chama linakopesha pesa za friza, na friza zinaungua mbele deni halijaisha. Mama anabaki na deni, samaki imeoza, na sanduku halipati kitu. Nitaanza na friza yangu mimi mwenyewe. Ndiyo, mimi fundi, na yangu iliungua.

Tulipotoka Kitwe nilivuka mpaka na friza moja nzuri. Munajua fishi za Zambia, kile kichwa cha waya kiko na meno matatu ya bapa, kama ya Waingereza. Prizi za huku ni za matundu mawili ya duara. Basi nikafanya kama munavyofanya wote: nikachukua kisu, nikakata fishi, nikafunga ya meno mawili. Friza ikawaka, nikajiona mwerevu. Wiki ya pili umeme ulikatika, ukarudi usiku sisi tumelala, ukakatika tena, ukarudi. Asubuhi harufu ya waya, na maji ya samaki mpaka ku mlango. Zile samaki mke wangu alikuwa amezichukua kwa deni.

Nini iliiua? Si giza. Chombo hakifi wakati umeme hauko, kinakufa ile saa unaporudi. Watoto wanalia «kuran imerudi!» na mtaa mzima unawasha pamoja: pasi, resho, pampu, friza zote. Badala ya volti 220 unapata 150, halafu inaruka juu, halafu inashuka. Na mota ya friza iko na tabia yake. Ikizimika, gesi ndani inabaki imekazwa. Ukiiwasha palepale inasukuma na haizunguki, inavuta umeme mwingi sana, inapata moto, waya wake unaungua. Inahitaji dakika tano mpaka kumi za kupumzika.

Kwa hiyo dawa ya kwanza hailipwi. Umeme ukienda, toa fishi ya friza na ya televisheni. Ukirudi, acha taa moja tu iwake. Ukiona inatulia dakika kumi, njo urudishe friza. Usiku, kama hakuna mtu wa kuamka, bora friza ibaki imezimwa na kifuniko kimefungwa. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inalinda baridi siku nzima.

Ile taa moja ni mlinzi wako. Ikiwaka nyeupe kupita desturi, na kwa jirani taa zimefifia, kimbia ku dijonkteri uzime nyumba yote. Huenda waya wa netri umekatika mahali fulani. Ikiwa hivyo, nyumba yenu inaweza kupokea volti 300 na zaidi, karibu ya 380. Usingoje kuuliza jirani.

Sasa turudi ku ile fishi niliyokata. Ndani yake mna fyuzi ndogo, na jino la tatu ni la teri, ule waya wa kijani na njano unaokwenda ku udongo. Sitawadanganya: hivyo viwili peke yake havingeokoa mota yangu. Lakini fyuzi inazuia waya kuwasha nyumba, na teri inazuia mtoto kupigwa na umeme akigusa friza kwa mkono wenye maji. Nilivitupa vyote viwili kwa kisu. Musikate. Ununue prizi ya Zambia, iko Ndola hapo ng'ambo, fundi aifunge ku ukuta na waya wa teri mpaka ku chuma kirefu kilichopigwa ndani ya udongo, mahali panapobaki na maji hata mwezi wa nane.

Juu ya multiprizi za soko: nyingi nilizofungua ndani mna vipande vya shaba tu, na taa nyekundu ya kupendeza. Hiyo hailindi kitu. Kinachofaa friza ni kile kifaa kinachokata volti ikishuka au ikipanda, halafu kinangoja dakika chache mbele ya kurudisha. Stabilizateri ni nzuri pia, lakini iwe na nguvu kupita mota, kwani mota inapoanza inakula mara nyingi kuliko ilivyoandikwa. Na radi? Wakati wa mvua, hakuna kifaa cha bei yetu kinachoweza kuzuia radi ikipiga karibu. Toa fishi, na waya wa antena pia.

Kwa marafiki wa mbali, neno moja. Vyombo vya Ulaya vinafanya kazi huku. Vya Marekani na Kanada ni vya volti 120: sahani ya kupikia au blenda ya kule ikiingia prizi ya hapa, inakufa palepale. Chaja za simu na kompyuta ni tofauti. Soma maandishi madogo nyuma, ukiona 100-240V, tuma bila hofu.

Ombi langu kwa komite: tusikopeshe tena friza peke yake. Kile kifaa cha kungoja kiingie ndani ya mkopo uleule, na fundi apite kuangalia teri mbele pesa haijatoka. Najua mkopo utapanda kidogo, na wengine watanung'unika. Tujadili leo.

Na wale wangali na fishi zao za meno matatu mu kabati, muzilete kwangu kisha mkutano. Nitazirudisha bure.