Baga za Nyumbani: Tengeneza kwa Kalibu, Pika Hadi Ndani

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii, na leo nataka tuzungumze juu ya baga.

Najua yuko mzee anayeguna sasa hivi na kusema, "Hicho ni chakula cha vijana wa mjini." Ngoja kidogo, mzee wangu. Siku hizi baga zinapikwa nyumbani, watoto wanazililia siku ya kuzaliwa, na kina mama na vijana wengi wanaziuza kando ya barabara ili wapate karo. Kwa hivyo jambo hili linakuhusu hata wewe, kwa sababu mjukuu wako anakula.

Niwasimulie kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, dada yangu alikuja kunitembelea na bintiye mdogo. Nilinunua nyama ya kusaga, nikaifinyanga kwa mikono. Pati moja ilikuwa nene kama ngumi, nyingine nyembamba kama chapati. Moto wa makaa ulikuwa mkali. Baada ya dakika chache zote zilikuwa zimepata rangi nzuri ya kahawia, nikapakua. Mtoto alipewa ile nene, kwa kuwa ni mgeni. Alipoimaliza nusu, niliona katikati bado ni nyekundu. Siku ya tatu alianza kuharisha, na siku ya nne kinyesi kilikuwa na damu. Alilazwa, akatibiwa na akapona, tunamshukuru Mungu. Siwezi kuapa kwamba ni ile pati, maana mtoto hula vitu vingi. Lakini mimi ni muuguzi, na nilijua nilichokiona katikati ya nyama ile. Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Sasa unaweza kuuliza: mbona watu wengine hula nyama ya kuchoma isiyoiva sana ndani wala hawaugui? Sikiliza kwa makini. Katika kipande kizima cha nyama safi, vijidudu huwa zaidi juu, mahali palipoguswa na kisu, mikono na nzi. Moto huanzia hapo juu, ukawaua. Lakini nyama inaposagwa, ile sehemu ya juu huchanganywa na ya ndani. Kijidudu kilichokuwa nje sasa kiko katikati ya pati, na huko moto hufika mwisho.

Mmoja wa vijidudu hivyo ni aina kali ya bakteria wanaoitwa E. coli, ambao huishi matumboni mwa ng'ombe bila kumdhuru ng'ombe mwenyewe. Kwa binadamu huleta kuhara damu, na kwa watoto wadogo sumu yake inaweza kuharibu figo. Mwaka 1993, huko magharibi mwa Marekani, zaidi ya watu 700 waliugua baada ya kula baga ambazo hazikuiva vya kutosha. Watoto 4 walifariki. Kama jambo hilo lilitokea katika nchi yenye mitambo na vipimo vya kila namna, sisi wa jiko la makaa tuna sababu zaidi ya kuwa waangalifu.

Hapa ndipo kalibu inapotusaidia. Kalibu ni kifaa cha kushindilia nyama ili kila pati iwe na upana mmoja na unene mmoja. Zinauzwa za chuma na za plastiki, zenye sehemu ya chini na kifuniko cha kukandamiza. Kama huna pesa ya kununua, tumia kifuniko cha mtungi wa chakula chenye upana wa sentimita 9 hadi 10 na kina cha sentimita 1 na nusu. Kiwe safi, kisiwe na kutu, na kisiwe kimetoka kwenye mkebe wa rangi au dawa ya mifugo.

Faida yake ni hii: pati zote zikiwa sawa, zote huiva kwa wakati mmoja. Hutaunguza moja huku nyingine ikiwa mbichi. Na wewe unayeuza, utajua hesabu yako. Kilo moja ya nyama, ukipima gramu 100 kila mara, hutoa pati 10. Mteja wa kwanza na wa mwisho wanapata haki sawa.

Basi tufuatane hatua kwa hatua.

Kwanza, nunua nyama kwenye bucha ambayo nyama yake ina mhuri wa mkaguzi. Omba isagwe mbele yako, uende nayo nyumbani moja kwa moja. Kama una friji, iweke humo na uipike siku hiyo au kesho yake. Kama huna, ipike mara ufikapo. Nyama ya kusaga isikae mezani zaidi ya saa 2, na kwenye joto kali kama la Mombasa au Garissa isizidi saa 1.

Pili, kata nyanya, vitunguu na saladi kabla ya kugusa nyama, uviweke mbali na kuvifunika. Mboga hizo huliwa mbichi, kwa hivyo zikiguswa na maji ya nyama hakuna moto utakaoziokoa.

Tatu, nawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka. Changanya nyama na chumvi, kitunguu na dhania. Tandika karatasi ya kuokea ndani ya kalibu, weka nyama, funika kwa karatasi nyingine, kisha kandamiza. Usitumie gazeti, kwa sababu wino wake si chakula. Ile mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini mwaka 2017, kwa hivyo usiitafute. Unene uwe kama sentimita 1 na nusu, yaani upana wa kidole. Ukimaliza, bonyeza katikati kidogo kwa kidole gumba, kwa maana nyama ikipata moto hujikunja na kuvimba katikati.

Nne, pika kwa moto wa wastani. Moto mkali huunguza nje na kuacha ndani. Kwa unene huo, kila upande huchukua kama dakika 4 hadi 5, lakini majiko hayafanani, kwa hivyo kagua. Usiikandamize kwa mwiko ikiwa jikoni, utaikamua utamu wote.

Tano, hakikisha imeiva. Kipimo cha uhakika ni kipimajoto cha nyama, kikiingizwa kutoka ubavuni hadi katikati. Kisome nyuzi 71 za Selsiasi. Wewe unayeuza, kinunue, ni sehemu ya mtaji wako. Asiye nacho apasue pati moja katikati. Isiwe na wekundu wowote, maji yake yawe meupe, na mvuke utoke. Lakini nikuambie ukweli: rangi inaweza kudanganya, kwa sababu nyama nyingine hubadilika rangi kabla vijidudu havijafa. Kwa hivyo ukiona imeiva, iongezee dakika nyingine moja au mbili. Afadhali pati kavu kidogo kuliko mtoto hospitalini.

Sita, pati zilizoiva ziweke kwenye sahani nyingine safi. Usizirudishe kwenye sahani iliyobeba nyama mbichi.

Saba, na hapa wengi hukosea, osha kalibu. Mabaki ya nyama hujificha kwenye mikunjo na kwenye bawaba. Ifungue sehemu zote, sugua kwa sabuni na maji moto, suuza, kisha kama ni ya chuma imwagie maji yanayochemka. Iache ikauke yenyewe. Usiifute kwa kitambaa kile kile kilichofuta meza. Ikipasuka, itupe.

Je, mtoto akianza kuhara? Mpe maji ya ORS mara kwa mara, endelea kumlisha, na anayenyonya aendelee kunyonya. Ukiona damu kwenye kinyesi, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Tafadhali mama, usikimbilie duka la dawa kununua vidonge vya kuzuia kuhara au antibiotiki bila kupimwa. Kwa aina hii ya E. coli, dawa hizo zinaweza kuzidisha madhara. Na kama mtoto anakojoa kidogo sana, amepauka, amevimba uso au analegea, usingoje asubuhi. Hata kama kuhara kumepungua, figo zinaweza kuwa taabani.

Wapenzi wasikilizaji, sijasema muache baga. Mimi mwenyewe bado napika, na yule binti wa dada yangu akija ndiye anayeshika kalibu. Kabla ya kula huipasua yake katikati, ananionyesha, nami namwambia, "Kula, mama." Hasira sina, kwani ana haki ya kukagua.

Kumbukeni: saga mbele ya macho yako, finyanga kwa usawa, pika hadi ndani, osha kalibu yako. Kinga ni bora kuliko tiba.

Maswali ya kujadiliana katika kikundi:

1. Kwa nini nyama ya kusaga huhitaji kuiva hadi katikati kuliko kipande kizima?
2. Nyumbani kwako, ni chombo gani safi kinachoweza kutumika kama kalibu, na utakioshaje?
3. Ni dalili zipi zitakufanya umpeleke mtoto anayehara kituo cha afya bila kuchelewa?