Kimya cha Darasani Hakina Mshindo

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Wiki hii nataka kuwazungumzia mahali ambapo kimya hakina mshindo wowote, na mwenye kunyamaza huhesabiwa kuwa hana alichonacho.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu wa Mbagala, amerejea nyumbani baada ya kusomea shahada ya uzamili ya biashara katika chuo cha INSEAD, huko Fontainebleau, Ufaransa. Mji huo uko kusini ya Paris, umezungukwa na msitu, na una kasri kubwa la wafalme wa zamani. Chuo kilianzishwa mwaka 1957, na wanafunzi wake wa kwanza, mwaka 1959, walisomea ndani ya kasri hilo hilo. Kozi yenyewe ni ya miezi kumi tu, lakini ada yake siku hizi ni takriban Euro 100,000, yaani zaidi ya shilingi milioni 200 za kwetu. Sehemu kijana alipata ufadhili, sehemu alikopa, na sehemu tulimchangia ukoo mzima, kwa kadi na vikao, kama tunavyochangia harusi. Kwa hiyo hakwenda peke yake. Alikwenda na deni, na matumaini ya watu wengi mgongoni.

Masomo ya huko si kama tulivyozoea sisi, mwalimu kuandika ubaoni na wanafunzi kunakili. Kila mmoja hupewa kisa cha kampuni, akakisome usiku. Kampuni ina shida hii, hesabu zake ni hizi. Wewe ungekuwa meneja ungefanya nini? Kesho yake mwalimu huuliza, na wanafunzi hujadiliana mpaka kipindi kinakwisha. Mtindo huu ulikuzwa na chuo cha biashara cha Harvard, Marekani, katika miaka ya 1920. Georges Doriot, Mfaransa aliyefundisha Harvard kwa miaka mingi, alikuwa miongoni mwa waasisi wa INSEAD.

Tena kuna vikundi vya watu watano au sita, ambao chuo huwachanganya kwa makusudi. Mpwa wangu alijikuta na mhandisi wa Kijerumani, Mhindi aliyetoka benki, Mbrazili na mwanamke wa Kikorea. Kazi ya kikundi ni moja na alama ni moja.

Miezi miwili ya kwanza kijana alinyamaza. "Mjomba," aliniambia, "nilikuwa nasoma kila kisa mara mbili. Jibu ninalo, lakini nasubiri niulizwe. Nikija kuinua mkono, Mbrazili ameshalisema." Mwalimu mmoja akamwita pembeni, akamweleza kwa upole kwamba kuchangia mjadala nako kuna alama, na zake ni chache mno.

Nilipomsikia nilijiona mimi mwenyewe. Shuleni kwetu mwalimu aliuliza, "Mmeelewa?" nasi tukaitikia kwa pamoja, "Ndiyo mwalimu!" Aliyethubutu kuuliza swali la pili alionekana mjuaji. Nyumbani, mtoto aliyetia neno wakubwa wakizungumza alitolewa sebuleni. Hayo yote tuliyaita adabu. Adabu ni jambo jema, lakini hapana shaka tumeichanganya na uoga.

Kilichomfungua mdomo mpwa wangu ni kisa cha M-Pesa. Wengi wenu mnajua kwamba huduma hiyo ilianza Kenya Machi 2007, na hapa Tanzania mwaka 2008. Lakini ilipofanyiwa majaribio huko Kenya mwaka 2005, ilikusudiwa watu walipe kwa simu marejesho ya mikopo midogo. Wateja wenyewe ndio walioigeuza, wakaanza kutumiana fedha.

Darasani hoja ikawa hii: kwa nini mtu amkabidhi fedha zake mwenye duka ambaye si benki? Wengine wakasema ni teknolojia, wengine wakasema ni matangazo. Kijana akainua mkono, akawaeleza habari za kibanda cha mama yake pale Rangi Tatu. Wakala, alisema, ana mifuko miwili: fedha taslimu, na floti iliyomo ndani ya simu. Mmoja ukijaa, mwingine hukauka. Mwisho wa mwezi watu huja kutoa, na ikifika saa nne asubuhi noti zimekwisha. Hapo mama hukimbilia kwa muuza unga wa jirani, ambaye ana noti na anaogopa kutembea nazo usiku. Wanabadilishana, noti kwa floti, bila kuandikiana. Muuza unga asingekuwapo, mteja angeondoka na asirudi. Yule Mjerumani alimfuata kwa maswali hadi wakati wa chakula cha mchana. Tangu siku hiyo kijana hakunyamaza tena.

Nilimsimulia dada yangu. Alicheka, kisha akaniuliza: "Watu wanalipa mamilioni yote hayo kujifunza kazi ya kibanda changu? Mbona hapa hakuna mwanafunzi aliyewahi kuja kuniuliza?"

Swali hilo nalileta kwenu. Pale Nairobi, chuo cha biashara cha Strathmore, kilichoanza mwaka 2005, kinafundisha kwa visa. Si jambo lisilowezekana kwetu. Kila mwanafunzi wa biashara, kabla ya kuhitimu, aandike kisa kimoja cha mtaani kwao: cha mama lishe, cha fundi seremala, cha wakala. Na mwalimu wa shule ya msingi akiulizwa swali la pili, asimkalishe mtoto.

Deni la mpwa wangu litalipwa kwa miaka kadhaa. Alichokinunua huko ni kujua kwamba aliyoyaona utotoni kibandani kwa mama yake yalistahili kusemwa mbele za watu. Itakuwa hasara kubwa ikiwa kila mtoto wetu atalazimika kulifuata somo hilo Ufaransa.