Jangwani Hakuna Bandari: Maneno kwa Madereva na Waongoza Wageni wa Lamu

Haya ni maneno ya afisa wa habari wa kaunti aliyoyatoa mbele ya madereva, waongoza wageni na vijana wa boti mjini Mokowe. Tumeyachapisha ili yawafikie wakaazi wengine.

 

Nimeombwa nizungumze juu ya safari za magari nyikani: zile likizo ambazo mgeni hataki hoteli wala ufuo, anataka gari, hema na jangwa. Pengine mtu atauliza, Lamu na jangwa wapi na wapi? Kule kisiwani tumezoea punda na mashua, na gari huishia hapa Mokowe. Lakini lami ya kutoka Garsen kupitia Witu imetufungua. Mgeni akimaliza wiki yake Shela, haoni tabu kumuuliza dereva wa huku, "Waweza kunipeleka Turkana?" Na dereva mwenye watoto wa kusomesha ni vigumu kujibu hapana. Ndiyo sababu nataka tujue vizuri kazi yenyewe kabla ya kupokea malipo ya kwanza.

Safari hii si ngeni kwa watu wa pwani. Mwaka 1887 Count Teleki wa Hungaria na mwenzake von Höhnel waliondoka pwani na msafara wa mamia ya wapagazi. Miongoni mwa walioongoza njia alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa Pangani. Machi 1888 walilifikia lile ziwa, Teleki akaliita Rudolf kwa jina la mwana wa mfalme wao. Jina la Turkana lilikuja mwaka 1975. Wapagazi wengi hawakurudi. Njaa, kiu na maradhi viliwamaliza njiani. Mwenye msafara husifiwa, lakini anayebeba hatari ni mfanyakazi. Hilo bado ni kweli hadi leo.

Sasa njia yenyewe. Wengi hupitia Malindi, Mombasa na Nairobi, kisha Nanyuki na Isiolo. Kutoka Nairobi hadi mji wa Marsabit ni zaidi ya kilomita 500, na siku hizi yote ni lami. Zamani kipande cha Isiolo hadi Moyale kilivunja magari kama vijiti. Lami hiyo isiwadanganye. Ukiiacha Marsabit na kuelekea Maikona, Kalacha na North Horr, unaingia jangwa la Chalbi. Hapo palikuwa ziwa zamani sana. Limebaki bonde tambarare la chumvi na udongo, na kwa mbali utadhani umeona bahari. Mbele yake ni Loiyangalani, kwa Waelmolo wavuvi, na upande wa kaskazini ni Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 1997. Mji wetu wa kale wa Lamu ulifuata mwaka 2001, kwa hiyo sisi na wao ni jirani katika daftari moja.

Mtu wa bahari atalielewa Chalbi upesi. Ni kama mchanga wa maji kupwa: juu pamekauka, chini kuna tope. Gari likivunja gamba lile, huzama hadi ekseli. Mvua ikinyesha, bonde hugeuka ziwa, na dereva mwenye busara huzunguka au husubiri. Vivyo hivyo na mito mikavu, ambayo watu wa kaskazini huiita laga. Waweza kuwa chini ya jua kali, na mvua iliyonyesha milimani ikakujia kama ukuta. Usilaze gari wala hema ndani ya laga, hata kwa usiku mmoja.

Yako mambo manne ya kushika.

Kwanza, maji. Hesabu lita tano kwa mtu kwa siku. Watu wanne kwa siku nne ni lita 80. Ongeza akiba ya siku mbili, zinakuwa 120. Hizo ni kilo 120, kwa hiyo zipangwe chini ndani ya gari, si juu ya paa. Usiweke yote katika chombo kimoja, maana kikipasuka umekwisha.

Pili, mafuta. Gari linalokula lita 12 kwa kilomita 100 za lami laweza kufika lita 20 mchangani. Jaza Marsabit. Kule mbele mafuta huuzwa kwenye mapipa na madumu, kwa bei ya mwenye nayo, na siku nyingine hayapo.

Tatu, magurudumu. Chukua mawili ya akiba. Ukiingia mchangani punguza upepo ili tairi litambae, ukitoka kwenye mchanga ulijaze tena kabla ya kukimbia kwenye mawe, au litapasuka. Kwa hiyo pampu ni lazima, pamoja na beleshi, kamba ya kuvutia, na jeki yenye ubao wa kuwekea chini.

Nne, usiende na gari moja. Magari mawili ndiyo kiasi cha chini. Acha ratiba yako kwa mtu wa nyumbani na kwa polisi wa mji wa mwisho, kwa kuwa simu hukatika kwa saa nyingi. Gari likiharibika, kaeni nalo. Gari lina kivuli, na mtafutaji huliona kutoka mbali. Wanaokufa jangwani aghalabu ni wale walioamua kutembea.

Lakini vifaa havitoshi. Jangwa lina wenyewe. Wagabra, Warendile, Wasamburu na Waturkana wanaishi pale kwa visima wanavyovijua kwa majina. Kisima si mahali pa kuoshea gari. Mifugo hunywa kwa zamu, na mgeni huomba zamu yake. Picha huombwa, haiibwi. Chukua mwongozaji wa mahali hapo na umlipe kama unavyotaka wewe ulipwe hapa kwetu. Fuata njia iliyokwisha kukanyagwa, kwa sababu alama ya tairi kwenye malisho hudumu miaka mingi baada ya picha kusahauliwa.

Michezo ya magari yaweza kuleta faida, tusikatae. Mashindano ya Rhino Charge, yaliyoanza mwaka 1989, huyapa magari saa kumi kufikia vituo 13 porini, na mshindi ni aliyetumia umbali mfupi zaidi. Fedha zake zilisaidia kujenga uzio wa karibu kilomita 400 kuzunguka Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Gari kupita porini si dhambi. La kuuliza ni kinachobaki nyuma yake.

Sasa nije nyumbani, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Kaunti yetu ina nyika yake: Hifadhi ya Dodori, msitu wa Boni, na njia ya kutoka Hindi kupitia Bodhei na Basuba hadi Kiunga. Mgeni mpenda vituko ataiona kwenye ramani na kuitamani. Barabara hiyo imetegwa vilipuzi zaidi ya mara moja, na askari wetu na raia wetu wamepoteza maisha pale. Si uwanja wa likizo. Mgeni akikuahidi pesa mara tatu, mjibu kwa adabu kwamba haiwezekani bila idhini ya vyombo vya usalama, na umwelekeze kwao.

Nasema hivi kwa kuwa sote tulionja yaliyofuata mwaka 2011, wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda, na tena mwaka 2014 baada ya Mpeketoni. Boti zilifungwa gatini, wapishi wakarudi makwao, watoto wakakosa karo. Gari moja likipotea na wageni wake, halimpotezi dereva peke yake. Huvunja riziki ya mwenye punda, ya fundi wa milango na ya mama muuza mahamri.

Nao Waaweer wa msitu wa Boni wameijua nyika hiyo vizazi na vizazi. Siku amani itakapotulia na wageni wakaja kwa magari, wao ndio wawe waongozaji wa kwanza, wasibaki kando ya barabara wakipungia vumbi mkono. Yale tunayojifunza kwa Wagabra tuyatimize kwetu.

Kwa hiyo, dereva, kabla ya kusema ndiyo, jiulize: Nimeijua njia, au nimeisikia tu? Bima yangu inafika huko? Gari la pili liko? Nani atajua nikichelewa? Jibu moja likikosekana, kazi hiyo bado si yako. Nahodha mzuri husifiwa pia kwa siku alizokataa kutweka tanga.