MACHELA YA KIJIJI: MAISHA YA MILIMANI NA FUNZO LAKE KWETU

Hotuba iliyotolewa Kyambogo, Kampala, mbele ya wajumbe wa kamati za wakimbizi na wafanyakazi wa mashirika ya misaada, katika kuadhimisha Siku ya Wakimbizi Duniani



Kamati iliniomba mimi, mzaliwa wa Kigezi, nieleze jinsi watu wanavyoishi katika vijiji vya mlimani visivyofikiwa na barabara. Wengi wenu mmepita kwetu. Mliovuka mpaka Bunagana mkapokewa Nyakabande, wilayani Kisoro, mliiona milima ile. Lakini mliiona mkiwa na mizigo kichwani na watoto mgongoni, na mtu wa namna hiyo hana nafasi ya kuuliza wenyeji wanaishije.

Kigezi ya zamani leo ni wilaya za Kabale, Kisoro, Rukungiri, Kanungu, Rubanda na Rukiga. Mji wa Kabale uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingi viko juu zaidi. Asubuhi ukungu hufunika mabonde. Watu hulima mtama, maharage, viazi vitamu na viazi mviringo katika matuta yaliyokatwa kuzunguka mlima ili udongo usichukuliwe na mvua. Ardhi ni haba. Shamba la baba hugawanywa kwa wana, na la wana kwa wajukuu, hata familia moja ikawa na vipande vidogo vidogo huku na huku, kimoja bondeni, kingine kileleni, kingine mlima wa pili. Mama anayelima hutembea sana kabla ya kuanza kulima. Nyumba ziko ubavuni, maji yako chini. Jerikeni ya lita 20 hushuka tupu na kupanda imejaa.

Haya yote watu huyazoea. Jambo lisilozoeleka ni ugonjwa wa usiku. Mama ameshikwa na uchungu, mtoto amelala kwa njia mbaya, mvua inanyesha, na hospitali iko ng'ambo ya milima miwili. Pikipiki haiwezi kupita. Hapo ndipo kijiji kinapojulikana kama ni kijiji au ni nyumba tu zilizokaribiana.

Kwetu dawa ya shida hiyo inaitwa engozi. Ni machela iliyofumwa kama kikapu kirefu na kufungwa kwenye miti, ikabebwa mabegani. Ndugu wa Rwanda na Burundi mnaiita ingobyi, neno lilelile la kitu cha kumbebea mtoto mgongoni. Ndugu wa Kongo mnaijua tipoyi. Basi sitawafundisha kitu kigeni. Nataka tukumbushane sheria zake, kwa maana machela yenyewe ni miti na kamba tu. Nguvu yake iko katika sheria.

Sheria ya kwanza: kila nyumba ni mwanachama, tajiri na maskini. Kikundi kina mwenyekiti, karani na daftari. Sheria ya pili: ukisikia wito, unatoka. Wanaume hubeba kwa zamu, wanne wakichoka wanne wengine wanaingia. Wanawake hufuata na chakula, maana mgonjwa na anayemwuguza watakula nini huko hospitalini? Sheria ya tatu: asiyetoka bila sababu hulipa faini, na hakuna anayesamehewa kwa ukubwa wake. Sheria ya nne: akifa, kikundi kilekile kinamrudisha nyumbani na kumzika.

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mtu aliyewahi kuwa chini ya mti wa machela, kwenye mteremko wenye matope, hawezi kusema hivyo tena. Amekwisha kuujua uzito wa jirani yake kwa bega lake mwenyewe.

Kutoka hapo vikundi vimekwenda mbele. Vingi vinaweka akiba na kukopeshana. Mwaka 1996 Hospitali ya Kisiizi, wilayani Rukungiri, ilianzisha bima ya matibabu kwa kupitia vikundi hivi vya machela. Waliandikisha kikundi, hawakuandikisha mtu mmoja mmoja. Sababu ni rahisi kueleweka: mkiandikisha mmoja mmoja watakuja wagonjwa peke yao na mfuko utakwisha, kikija kikundi kizima, wazima wanawachangia wagonjwa, na kesho zamu inageuka. Mwaka 2010 Hospitali ya Jamii ya Bwindi, wilayani Kanungu, nayo ilianza bima yake kwa njia hiyo.

Tafadhali lishikeni jina la Kanungu. Sehemu ile, iliyoitwa Kinkizi, ndiko serikali ya kikoloni ilikoanza kuwapeleka Wakiga mwaka 1946, milima ya kusini ilipojaa watu. Wengine baadaye walikwenda Ankole, Toro na Bunyoro. Walifika mahali pasipo na makaburi ya babu zao, jirani akiwa ametoka mlima usiojulikana. Na vikundi vya machela viko huko pia. Kwa hiyo jambo hili halihitaji kuzaliwa pamoja, linahitaji kukubaliana.

Ndugu zangu, sisifu umaskini. Machela si badala ya barabara. Wako waliofia mabegani mwa jirani zao kwa sababu njia ilikuwa ndefu, na watu wa milimani wana haki ya kudai barabara, zahanati na gari la wagonjwa. Lakini nimewasikia baadhi yenu mkisema kwamba katika makazi yenu barabara ipo, na gari lipo, na bado mama anaweza kuteseka mpaka asubuhi kwa sababu simu haina chaji, au gari limekwenda kwingine, na jirani anasikia kilio akidhani si kazi yake, kwani mwenye kazi ni shirika. Kijiji kisicho na barabara kilimfikisha mgonjwa wake. Penye barabara tusishindwe.

Tena wakati wenyewe unatusukuma. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula kwa wakimbizi nchini Uganda umekuwa ukitolewa kwa makundi kulingana na uhitaji, na kaya nyingi zimepunguziwa au kuondolewa kabisa. Anayengoja atoke mtu wa mbali kuja kumbeba atangoja sana.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Kwenu wajumbe wa kamati: rudini mkaandike daftari. Nyumba 30 au 40 zinazosikiana zikipiga kelele zinatosha. Msiulize kabila wala nchi. Ulizeni nani yuko karibu. Mama mjamzito ajulikane kabla ya siku zake, na ijulikane nani atabeba, nani atabaki na watoto, nani ana simu yenye chaji. Wekeni faini, na mwenyekiti awe wa kwanza kuilipa akikosa.

Kwenu ndugu wa mashirika: saidieni kwa machela imara, taa, mabuti ya mvua, na mafunzo ya huduma ya kwanza. Lakini msiwalipe posho wanaobeba. Siku mradi unapokwisha na posho inakwisha, na kikundi kinakufa, na kukifufua ni kazi kuliko kukianzisha. Na kabla ya kuunda kamati mpya yenye jina la mradi, ulizeni kwanza watu hawa walikuwa wakibebanaje huko walikotoka. Wengi wametoka milimani. Wanalijua jibu.

Nawatakia wote sikukuu njema, na safari njema ya kurudi kwenu Nakivale, Kyangwali, Kyaka, Rwamwanja na kwingineko.