Nguo Kuukuu na Mishono Mipya: Maneno kwa Watu wa Kiptere



Kila mwaka, mwezi wa Oktoba unapofika, wakulima wadogo wa chai wa Kericho na Bomet hungojea malipo ya pili ya majani waliyopeleka viwandani, yale malipo ambayo watu wote huyaita bonasi. Fedha za kila mwezi ni kidogo, nazo huishia katika unga, sukari na sabuni. Bali bonasi huja kwa mkupuo. Basi siku hizo sokoni Kiptere huwa ni siku za furaha. Magauni na makoti huning'inizwa kwenye kamba tangu alfajiri, na kijana ambaye mwaka mzima amevaa viatu vya mpira na aproni ya plastiki shambani hutamani kuonekana mtu miongoni mwa watu.

Hapana ubaya katika jambo hilo. Mtu aliyefanya kazi ana haki ya kupendeza. Lakini baada ya Oktoba huja Desemba, na Desemba ina harusi, ina koito, ina sherehe za vijana wanaotoka jandoni. Na baada ya Desemba huja Januari, ambayo haina huruma: karo, sare za shule, vitabu, viatu vyeusi. Nyumba nyingi hununua nguo kwa fedha za Oktoba, halafu huuza ndama kwa sababu ya Januari.

Wako wasemao kwamba dawa ya taabu hiyo ni kuacha kabisa mambo ya mitindo. Hayo ni maneno ya watu wasiokwenda harusini. Mwanamke anayejua kwamba gauni lake limepitwa na wakati hujificha nyuma ya wenziwe, na mzee anayevaa koti lenye mabega mapana kama mbawa za tai husikia vijana wakicheka nyuma yake. Haya hayo yana uzito, wala si upuuzi. Linalofaa kuulizwa ni hili: je, ni lazima kununua nguo nyingine ili kuiondoa aibu hiyo?

Mara nyingi si lazima. Kilichozeeka si kitambaa, bali ni mshono. Suruali zilikuwa pana miaka ya 1970. Zikaja zikabana miguu katika miaka ya 2010 hata kijana akashindwa kuchuchumaa. Na katika miaka ya 2020 zikapanuka tena. Katika miaka ya 1980 mabega ya makoti na magauni yalijazwa sponji. Leo sponji hiyo ndiyo inayolitangaza vazi kuwa ni la zamani, ingawa kitambaa chenyewe pengine ni kizuri kuliko kile kinachouzwa dukani sasa. Fundi mwenye wembe wa kufumulia huitoa sponji, hulipunguza bega kidogo, hurudisha mkono mahali pake, na koti lile lile huvaliwa tena bila kuchekwa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haianzi sokoni, huanza nyumbani, siku ya mwanga mzuri, sanduku likimwagwa lote kitandani. Kila nguo na iinuliwe mbele ya dirisha. Ikiwa jua linapenya katika makalio ya suruali au kwapani mwa blauzi, kitambaa kimekwisha, na hapana fundi wa kukifufua; vifungo na zipu vitolewe viwekwe koponi, na kitambaa kiwe cha kufutia meza. Ikiwa kitambaa ni kizima, nguo hiyo ina maisha bado, hata kama haijavaliwa miaka sita. Kisha mwenye nguo aivae, ajitazame, aseme kwa kweli inakosa nini. Watu wengi husema tu, "Siipendi," nao hawajui kama wasichokipenda ni urefu, au kola, au rangi. Asiyejua hayo hana la kumwambia fundi.

Urefu ndio jambo jepesi kuliko yote. Gauni linaloishia katikati ya ndama wa mguu mara nyingi humfanya mvaaji aonekane mfupi na mnene. Likipandishwa hata chini kidogo ya goti, au likiongezwa kipande cha kitambaa cha rangi nyingine mpaka kifundoni, huwa gauni jipya. Kabla ya kuongeza, pindo litazamwe ndani: mafundi wa zamani waliacha pindo la kutosha ili mtoto akikua literemshwe. Nguo nyingi za viwandani za leo hazina akiba hiyo. Kuipunguza nguo ni rahisi siku zote. Kuipanua kunategemea kitambaa kilichoachwa ndani ya mshono, na kama hakipo, hakipo. Mwenye kununua nguo na aikumbuke tofauti hiyo, maana kubwa hupunguzwa, na ndogo hubaki ndogo.

Shati jeupe la mwanamume huchakaa kwanza kwenye mkunjo wa kola, mahali shingo inaposugua. Watu hulitupa, kumbe mwili wote wa shati ni mzima. Fundi anayeijua kazi yake huifumua kola, huigeuza upande wa pili, huishona tena, na shati hupata miaka mingine. Mafundi wa zamani waliifanya kazi hiyo kila juma. Siku hizi ni wachache wanaoombwa kuifanya, lakini wakiombwa wanaiweza.

Rangi nayo ina mambo yake. Suruali nyeusi ya pamba iliyopauka inaweza kuchovywa katika rangi ya nguo ya dukani, katika maji ya moto yenye chumvi, ikarudia weusi wake. Lakini nguo ya polyester haishiki rangi hiyo ya kawaida, na anayejaribu hupata suruali yenye mabaka na sufuria iliyoharibika. Utomvu wa majani ya chai huacha doa la kahawia, na doa likikauka huwa gumu kutoka. Na lisuuzwe upesi kwa maji baridi kabla halijaguswa na sabuni ya mche. Bora zaidi ni kutoingia shambani na nguo ya kanisani, japo kila mtu amewahi kusema, "Ni dakika tano tu." Tena, katika nchi hii ambako mvua hupenda kunyesha baada ya saa sita mchana, nguo nyingi hukaushiwa jikoni juu ya moshi. Nguo iliyonuka moshi haina mtindo, hata ingeshonwa Paris.

Kwa wanaume kuna habari njema. Mwaka wa 2023 suti ya Kaunda ilirudi nchini Kenya kwa kishindo, hasa kwa kuwa Rais William Ruto alionekana akiivaa mara kwa mara. Vazi hilo lina jina la Kenneth Kaunda, Rais wa kwanza wa Zambia, aliyetawala tangu 1964 hata 1991. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo wa 2023 Spika wa Bunge la Taifa, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti hiyo haitaruhusiwa bungeni. Kiptere si bungeni. Suti ya Kaunda haihitaji shati la ndani, wala tai, na fundi yeyote wa sokoni anaweza kuishona. Mwenye suruali nzuri ya rangi moja, ambayo koti lake limekufa, anaweza kupeleka suruali hiyo dukani, akachagua kitambaa kinacholingana nayo, akashonewa sehemu ya juu peke yake. Huyo amepata suti kwa gharama ya nusu suti. Kumbuka tu kwamba mikono mifupi inafaa zaidi kwa anayeteremka kwenda Sondu penye joto kuliko kwa anayeamkia baridi ya Kericho.

Sasa juu ya mitumba. Haifai kuidharau, wala haifai kuiabudu. Zamani serikali ya Kenya ilivilinda viwanda vya nguo vya nchi kwa kuzuia nguo za nje, na kiwanda cha Rivatex kikajengwa Eldoret katika miaka ya 1970. Biashara ilipofunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1980 na katika miaka ya 1990, marobota ya mitumba yalimiminika kupitia bandari ya Mombasa, na viwanda vingi vikaanguka. Rivatex nayo ilifilisika, hata Chuo Kikuu cha Moi kikainunua mwaka wa 2007. Mwaka wa 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuipunguza mitumba na hatimaye kuikomesha. Marekani ilipotishia kuondoa nafuu zake za biashara, Kenya ilirudi nyuma. Rwanda ikashikilia, na mwaka wa 2018 nguo zake zikapoteza nafuu ya kuingia Marekani bila ushuru. Mwaka wa 2020, wakati wa ugonjwa wa korona, Kenya ilizuia mitumba kwa miezi michache, na wachuuzi wengi wakakaa bila kazi. Hayo ni mambo ya wakubwa, lakini mama anayeinama juu ya turubai la nguo huko Kiptere ameinama juu ya habari hizo zote.

Robota la kawaida lina kilo 45, na mchuuzi hununua bila kujua yaliyomo. Nguo za daraja la juu huitwa kamera, nazo hutolewa kwanza. Zinazobaki mwisho huitwa fagia. Mnunuzi mwenye fedha haba hana haja ya kugombea kamera. Na aje kwenye fagia akitafuta kitambaa, asitafute nguo. Gauni kubwa la pamba la mzungu mnene lina kitambaa cha kutosha blauzi na sketi ya mtoto. Koti la sufi lenye bitana iliyochanika ni koti zima, kwa maana bitana hubadilishwa. Pazia zito huweza kuwa sketi, na hakuna atakayejua isipokuwa fundi. Lakini kabla ya kulipa, mnunuzi ageuze nguo ndani nje, atazame kwapa, mapaja na mkunjo wa kola, apandishe zipu na kuishusha mara tatu, ainuse pia. Nguo iliyovutika na kulegea magotini haitanyooshwa na pasi yoyote.

Hata hivyo, linaloziumiza nyumba nyingi si mitumba wala suti. Ni sare ya kitenge. Imekuwa desturi kwamba koito au harusi ikikaribia, kamati huchagua kitenge kimoja, na kila shangazi, kila binamu, kila jirani huambiwa anunue, ashone, alipe kabla ya tarehe fulani. Jamaa wakivaa nguo moja, ni pazuri machoni. Hata picha hupendeza. Lakini mjane mwenye miche mia chache ya chai hawezi kusema "Sina" mbele ya ukoo. Hukopa. Na nguo yenyewe, kwa kuwa ni ya harusi ya fulani, huvaliwa siku moja, kisha hulala sandukuni pamoja na vitenge vya harusi nyingine tatu.

Kamati zenye huruma zimekwisha kuonyesha njia. Kitenge huuzwa kwa kipande cha yadi sita. Jamaa wakikubaliana kwamba sare itakuwa mtandio, au kilemba, au ukanda na kola peke yake, basi kipande kimoja huwatosha wengi, na kila mmoja huvaa gauni lake la rangi moja alilo nalo. Ni sare ile ile kwa macho, nayo haimlazimishi mtu kuuza kuku. Ama vitenge vilivyokwisha kulala sandukuni vinaweza kufumuliwa: sketi ndefu ya harusi ya mwaka juzi hutoa mikono na mifuko ya kupamba gauni jeusi la zamani, au mgongo wa koti la jinzi, jambo ambalo vijana wa Nairobi hulilipia fedha nyingi. Aliye mkubwa katika ukoo ndiye anayeweza kuyasema haya katika kikao bila kuonekana mchoyo. Shangazi mwenye heshima akisema, "Mwaka huu tuvae vilemba," hakuna atakayebisha.

Chukua mfano wa mama mwenye shilingi 3,000 za nguo zake mwenyewe. Anaweza kununua gauni moja jipya, likamaliza fedha yote. Au, ikiwa fundi wake hudai shilingi 300 kwa kila kazi, anaweza kumpelekea magauni mawili ya kukatwa upya, sketi moja ya kubadilishwa zipu na kiuno, na koti moja la kutolewa mabega; hiyo ni shilingi 1,200. Akitoa 300 nyingine kwa vifungo vizuri, na 500 kwa gauni la fagia la kupasuliwa, hubakiwa na 1,000 mkononi, na sandukuni ana mavazi manne yanayoweza kuvaliwa kwa kubadilishana. Bei hutofautiana kwa fundi na fundi, ila hesabu haibadiliki sana. Tena fedha yake karibu yote imebaki Kiptere, kwa jirani anayekanyaga cherehani barazani mwa duka, ambaye watoto wake husoma na watoto wa mama huyo.

Fundi naye apewe haki yake. Apelekewe nguo iliyofuliwa, aonyeshwe picha ya mtindo unaotakiwa, kwa maana picha katika simu huondoa ugomvi mwingi. Apimie mwilini, asikisie kwa macho. Alipwe arubuni, na salio siku ya kuchukua, baada ya mwenye nguo kuivaa palepale, kuinua mikono na kuketi.

Tena aendewe mapema. Mwezi wa Novemba fundi ana nafasi, naye husikiliza. Kufikia katikati ya Desemba ana nguo za maharusi na za vijana wa jandoni mpaka darini. Na wiki ya mwaka mpya meza yake hujaa sare za shule, na mwenye koti la kupunguza mabega huambiwa arudi Februari.